Mahudhurio na saa za masomo katika vyuo vya udaktari wa osteopathi Marekani: mwongozo kwa mwombaji wa Tanga

Kijana wa Tanga anayetaka kusomea udaktari Marekani huuliza kwanza ada, kisha alama za kuingilia, kisha viza. Habari ya mahudhurio huachwa mwisho, au huachwa kabisa, kwa kudhani kuwa kila chuo kina karatasi ya kusaini na kwamba mwenye kufaulu mitihani hafuatwi na mtu. Kwa vyuo vya osteopathi dhana hiyo haifai. Katika vyuo vingi vya aina hii sehemu kubwa ya mihadhara unaweza kuisikiliza chumbani kwako bila kuulizwa, lakini kuna vipindi ambavyo ukivikosa viwili vitatu bila ruhusa unaweza kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu hata kama mitihani yote umeipita kwa alama za juu. Kazi ya mwombaji ni kujua, kabla hajalipa hata dola moja ya kushikilia nafasi, ni vipindi vipi vya aina ya kwanza na vipi vya aina ya pili katika chuo anachokiendea.

Ieleweke kwanza ni masomo gani. Shahada ya DO, yaani shahada ya udaktari wa osteopathi, ni shahada kamili ya udaktari nchini Marekani: mwenye nayo huandika dawa, hupasua na kubobea katika fani yoyote, na tangu mwaka 2020 madaktari wa DO na wa MD (shahada ya udaktari iliyozoeleka) hufanya mafunzo yao ya ubingwa chini ya mfumo mmoja wa ithibati. Chuo cha kwanza kilifunguliwa na Andrew Taylor Still mjini Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Kinachoitofautisha na shahada ya MD ni kwamba mwanafunzi hufundishwa, juu ya masomo mengine yote ya udaktari, takriban saa 200 za tiba ya mikono, yaani kuchunguza na kutibu mifupa, viungo na misuli kwa kugusa. Ndiyo maana ukimweleza bibi pale Ngamiani atakuuliza kama unavuka bahari kwenda kujifunza kukanda watu. Mjibu kwa adabu kwamba kukanda kumo, na upasuaji pia umo. Uingereza mambo ni mengine: huko mtaalamu wa osteopathi si daktari wa hospitali bali ni mtaalamu wa tiba ya mikono anayesajiliwa na baraza lake chini ya sheria ya mwaka 1993, na kanuni za vyuo vya huko hazihusiani na tunayoyaeleza hapa.

Nafasi hizi hazimlengi mhitimu wa kidato cha sita. Vyuo huhitaji masomo ya shahada ya kwanza na MCAT, yaani mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, maombi hupitia mfumo wa pamoja uitwao AACOMAS, na si kila chuo kinapokea wanafunzi wa kigeni. Kwa hiyo msomaji ninayemfikiria ni yule mwenye shahada mkononi au aliye karibu kuipata, pengine tayari yuko Marekani kwenye chuo cha kawaida, na wazazi wake wako Chumbageni au Makorora wakijiuliza kama fedha zao zitaingia mahali salama. Kwa wazazi hao kuna hatua moja ya kuchukua mapema kuliko zote: andikeni barua kwa Baraza la Madaktari Tanganyika na kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mkiuliza shahada ya DO ya chuo hicho itatambuliwaje iwapo mtoto atarudi kufanya kazi katika hospitali ya Bombo au Muheza, na msubiri jibu la maandishi. Masharti ya viza kwa Watanzania nayo hubadilika, hivyo yaangaliwe yalivyo wakati huo katika taarifa za Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, si katika simulizi ya aliyesafiri miaka iliyopita.

Kanuni zimeandikwa, zisome

Vyuo vyote vya DO hupewa ithibati na tume moja, COCA, na tume hiyo inakitaka kila chuo kichapishe na kufuata kanuni zake za kitaaluma, zikiwamo za mahudhurio, utoaji wa alama, urejeshaji wa ada na ukataji wa rufaa. Maana yake kwa mwombaji ni kubwa. Huhitaji kubahatisha wala kutegemea maneno ya mwanafunzi mmoja uliyezungumza naye kwa simu, kwa sababu jibu lipo kwenye maandishi ambayo chuo kinawajibika kuyatoa.

Tafuta nyaraka nne. Ya kwanza ni katalogi ya chuo, ya pili ni kitabu cha mwanafunzi, na hizi mara nyingi ziko wazi kwenye tovuti. Ya tatu ni silabasi ya kozi, ambayo huenda usiipate mpaka uiombe, na ya nne ni mwongozo wa rotesheni za hospitalini, yaani vipindi vya mafunzo ya zamu wodini. Wengi husoma katalogi peke yake, wakaona sentensi laini kama vile wanafunzi wanatarajiwa kuhudhuria, wakafurahi. Silabasi ya kozi ya tiba ya mikono katika chuo hichohicho inaweza kusema kwamba kukosa kipindi kimoja cha maabara bila ruhusa kunakata alama, na kukosa idadi fulani kunamaanisha kurudia kozi. Mwenye kozi ndiye mwenye rungu, na silabasi ndiyo inayoonyesha ukubwa wake. Fungua waraka, andika neno “attendance” kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha neno “absence”, na usome kila aya inayotokea hadi mwisho wake.

Katika kusoma huko, angalia hasa nani anatoa ruhusa, siku ngapi kabla, na kwa njia gani. Vyuo vingi hutofautisha kukosa kwa ruhusa na kukosa bila ruhusa, na tofauti hiyo haitokani na uzito wa sababu yako peke yake bali pia na kama fomu ilijazwa kwa wakati. Aliyefiwa na baba yake lakini hakujaza fomu anaweza kuandikwa mtoro mpaka atakapoleta maelezo. Angalia pia kama kipindi ulichokosa kwa ruhusa kinafidiwa, kwa sababu ruhusa haina maana kwamba kazi imefutwa: mara nyingi utapangiwa kipindi kingine, au utapewa kazi ya kuandika, au utafanyiwa jaribio la vitendo peke yako mbele ya mwalimu.

Saa za darasani na saa ambazo hazionekani kwenye ratiba

Programu ni ya miaka 4: kwa kawaida 2 ya darasani na maabara, na 2 ya hospitalini. Ratiba ya mwaka wa kwanza ukiitazama juujuu inaonekana nyepesi, mihadhara asubuhi na maabara baadhi ya alasiri. Usidanganyike. Kanuni ya serikali ya Marekani kuhusu krediti moja, kipimo cha uzito wa kozi, inahesabu takriban saa 1 ya kufundishwa na saa 2 za kujisomea kila wiki kwa muhula wa wiki kama 15. Vyuo vya udaktari vinaweza kuhesabu maabara kwa namna nyingine, lakini kwa kipimo hicho muhula wa krediti 20 unakula saa 60 za wiki, na hapo hujapika, hujasafiri, hujapiga simu nyumbani.

Rekodi za mihadhara ndizo zinazowaponza wageni zaidi, na hapa nasema maoni yangu bila kuficha: mwanafunzi anayetoka mbali ahudhurie mihadhara ya ana kwa ana walau muhula wa kwanza, hata pale chuo kisipomlazimisha. Mwenyeji anayebaki nyumbani ana marafiki wa kumwambia mwalimu amesisitiza nini, ana Kiingereza cha kumwezesha kusikiliza rekodi kwa kasi ya mara mbili, na anaujua mfumo. Wewe unajenga yote hayo upya. Rekodi zikirundikana za wiki mbili huku mtihani ukiwa Jumatatu, hakuna kasi itakayokuokoa. Tena mwanafunzi mwenye viza ya F-1, yaani viza ya masomo, anatakiwa kusoma kwa muda wote, na sheria inamruhusu kuhesabu kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti 3, katika mzigo wake wa muhula. Kozi ya ana kwa ana yenye rekodi si kozi ya mtandaoni, lakini muulize ofisa wa wanafunzi wa kigeni jinsi chuo kinavyoiandikisha kabla hujajizoesha kukaa chumbani.

Maabara ya tiba ya mikono

Hapa ndipo mahudhurio yasipochezewa. Ukizigawa zile saa 200 kwa wiki za masomo za miaka miwili ya mwanzo unapata kama saa mbili hadi tatu kwa wiki, kwa hiyo kipindi kimoja ndicho wiki nzima ya somo hilo. Wanafunzi hupangwa wawili wawili kwenye kitanda cha tiba; mmoja hulala kifudifudi, mwenzake huweka vidole kandokando ya uti wa mgongo na kuanza kuhesabu pingili. Ncha ya chini ya mfupa wa bega hulingana kwa kukadiria na pingili ya saba ya kifua, na kutoka hapo unapanda au kushuka ukitafuta iliyojizungusha au iliyokaza upande mmoja. Mwalimu anapita, anaweka kidole chake juu ya chako, anakisogeza kidogo, na ghafla unakihisi kilichokuwa kimekupita. Jambo hilo halirekodiki. Wala hujajikosesha wewe peke yako usipofika, kwa kuwa umemwacha mwenzako bila mgongo wa kujifunzia, naye ana mtihani wa vitendo uleule.

Kwa kuwa kila mmoja ni mgonjwa wa mwenzake, kuna suala la mavazi ambalo binti wa Tanga, na hata kijana wa kiume mwenye staha zake, afadhali alijue mapema. Kanuni za maabara hutaka kaptura na fulana, au nguo nyingine inayowezesha mgongo na miguu kuchunguzwa. Usingoje siku ya kwanza ukajikuta unabishana mlangoni. Andika barua pepe kwa ofisi ya wanafunzi mara tu upatapo nafasi, ukiomba mambo mahususi: kubaki na hijabu, kupangwa na mwenzi wa jinsia yako, kitanda cha pembeni au chenye pazia, joho la hospitali linalofunguka mgongoni tu. Maombi ya namna hiyo si mageni kwa vyuo hivyo, na barua iliyoandikwa mwezi mmoja kabla husikilizwa kuliko malalamiko ya papo kwa papo. Hata hivyo usitarajie kusamehewa kumgusa mgonjwa wa jinsia nyingine. Huo ni udaktari wenyewe, na hata Bombo usingesamehewa.

Maabara ya anatomia, vipindi vya mgonjwa wa kuigiza, majadiliano ya vikundi vidogo na mitihani yote huwa katika kundi hilohilo la lazima. Sina la kuongeza juu yake isipokuwa kwamba kuchelewa dakika chache kunaweza kuhesabiwa kuwa kukosa, na mlango wa chumba cha mtihani hufungwa kweli.

Kuna desturi moja ya kuiacha Tanzania. Kusainiana, ule mtindo wa rafiki kuandika jina lako kwenye karatasi ya mahudhurio kwa kuwa wewe umechelewa daladala, huku kwetu huchukuliwa kama msaada wa kawaida baina ya wenzi. Kule mahudhurio huchukuliwa kwa kadi, kwa simu au kwa saini, na kumsainia mwingine ni udanganyifu wa kitaaluma unaowahusu wote wawili, aliyesainiwa na aliyesaini. Kukosa kipindi kunaweza kukuletea sapu. Kusainiana kunaweza kukuletea kufukuzwa, na kuandikwa kwenye rekodi ambayo vyombo vya kutoa leseni huiuliza baadaye.

Ijumaa, Idi na Jumamosi

Vyuo vingi vina utaratibu wa ruhusa za kidini, lakini hutaka maombi yaletwe mwanzoni mwa muhula. Swala ya Ijumaa huangukia karibu na saa saba mchana, wakati ambao maabara nyingi huanza. Kwa kuwa maabara hurudiwa kwa makundi tofauti, ombi lenye nafasi ya kukubaliwa ni kuhamishiwa kundi la siku nyingine, si kuruhusiwa kutoroka kila Ijumaa. Peleka ombi ukiwa tayari umeona kwenye ratiba kundi lipi lina nafasi.

Idi ina tabu yake kwa sababu ya mwezi. Ofisi ya Marekani inataka tarehe, nawe huna tarehe moja ya kuwapa, kwa kuwa misikiti mingine hufuata hesabu na mingine husubiri kuandama. Jaza fomu kwa siku zote mbili zinazowezekana, eleza kwa sentensi moja kwamba moja tu ndiyo itakayotumika, na uahidi kuthibitisha usiku wa kuamkia. Kama mojawapo ina mtihani, omba wiki kadhaa kabla kwamba mtihani huo uhamishwe. Ombi la siku mbili kabla huwa limechelewa. Msabato naye aulize mapema kuhusu Jumamosi, hasa kwa miaka ya hospitalini ambapo zamu hazijui wikiendi.

Saa nazo zinahitaji uangalifu tangu wakati wa usaili wa mtandaoni. Usaili wa saa tatu asubuhi kwa saa za New York ni saa kumi jioni Tanga wakati wao wanatumia saa za kiangazi, na ni saa kumi na moja jioni baada ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, wanaporudisha saa nyuma. Msimu wa usaili unavuka tarehe hiyo. Katika usaili huohuo uliza maswali yako ya mahudhurio, nayo yawe ya moja kwa moja: Ni vipindi gani vya lazima mwaka wa kwanza? Mwanafunzi ana siku ngapi za kukosa katika rotesheni ya wiki nne? Rotesheni hizo ziko umbali gani kutoka chuoni? Swali la mwisho ni muhimu kuliko linavyosikika, kwani vyuo vingi vya DO havina hospitali yao na huwatawanya wanafunzi kwenye hospitali za jamii, wakati mwingine katika jimbo jingine, ambako bila gari huwezi kufika kazini alfajiri.

Miaka ya hospitalini

Katika mwaka wa tatu hesabu ya mahudhurio hutoka mikononi mwa walimu wa chuo na kuingia mikononi mwa daktari anayekusimamia wodini. Rotesheni ya wiki nne yenye siku tano za kazi ina siku 20. Ukikosa 2 umekosa asilimia 10 ya somo zima, na daktari aliyekuona siku chache ndiye atakayejaza fomu ya tathmini yako. Kwa hiyo ruhusa hapa inaombwa sehemu mbili, kwa msimamizi wa wodi na kwa mratibu wa rotesheni chuoni. Ya mdomo kutoka kwa daktari mkarimu aliyekwambia nenda kapumzike haitoshi. Mwandikie mratibu jioni hiyohiyo.

Zamu ni ndefu. Madaktari walio kwenye mafunzo ya ubingwa wamewekewa kikomo cha saa 80 kwa wiki, zikikadiriwa kwa wiki nne, pamoja na siku moja ya mapumziko katika saba, na vyuo vingi huwatumia wanafunzi kikomo hicho au kilicho chini yake. Mwenye kufunga Ramadhani ndani ya rotesheni ya upasuaji amweleze msimamizi mapema, si kwa kuomba kupunguziwa kazi, bali apate dakika kumi za kufuturu bila kuonekana ametoroka. Mwishoni mwa rotesheni kuu kwa kawaida kuna mtihani, na juu ya hiyo ipo mitihani ya taifa ya COMLEX-USA, ambayo ngazi yake ya kwanza tangu mwaka 2022 hutolewa kwa kufaulu au kutofaulu tu bila alama.

Ugonjwa, mimba na msiba

Mgonjwa kule haandikiwi ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika, halafu akamkabidhi mwenzake aipeleke. Unatoa taarifa mwenyewe kabla kipindi hakijaanza, kisha unaleta cheti, na kwa mtihani cheti ni lazima. Aliyerudi likizo ya Desemba Tanga na kushikwa na homa Januari asijifiche chumbani kwa kuhofia mahudhurio: aende kituo cha afya siku hiyohiyo na aseme wazi kwamba ametoka sehemu yenye malaria, kwa sababu daktari wa huko anaweza asiifikirie kabisa. Mwanafunzi mjamzito analindwa na sheria ya shirikisho, na chuo kinachopokea fedha za serikali hiyo kinapaswa kumpa ruhusa kwa muda wote ambao daktari wake ataona unahitajika na kumrudisha mahali alipokuwa.

Msiba ndio unaowaumiza wengi. Siku za ruhusa ya kufiwa ni chache na kwa kawaida hutolewa kwa familia ya karibu: wazazi, ndugu wa tumbo moja, mwenzi, watoto, pengine babu na bibi. Mama mdogo au shangazi aliyekulea tangu ukiwa darasa la pili hayumo kwenye orodha hiyo mpaka uieleze ofisi kwamba yeye ndiye aliyekuwa mlezi wako, na maelezo hayo ni vyema yawe kwenye faili tangu mwanzo. Familia nayo ijue hesabu za njia. Maiti wetu huzikwa siku hiyohiyo au kesho yake, ilhali ndege kutoka Marekani hadi Dar es Salaam huchukua karibu siku nzima au zaidi, kisha kuna kilomita 350 za barabara. Mtoto hatawahi kuzika. Aamue, pamoja na wakubwa, kama aje matanga na kukosa vipindi vya lazima, au angoje likizo aje kuzuru kaburi na kusoma hitima na jamaa waliobaki. Wasimlaumu kwa njia yoyote atakayochagua.

Akilazimika kukaa muda mrefu, kuna mipaka miwili. Masomo ya DO yanapaswa kumalizika ndani ya miaka 6 tangu kuandikishwa, hivyo mwaka wa mapumziko na mwaka wa kurudia vikikutana, nafasi imekwisha. Mwenye viza ya F-1 naye anahitaji idhini ya ofisa wa wanafunzi wa kigeni kabla ya kupunguza masomo au kuondoka, na akikaa nje ya masomo zaidi ya miezi 5 kwa kawaida huhitaji fomu mpya ya I-20, ile ya chuo inayothibitisha uanafunzi wake kwa ajili ya viza. Hata safari ya wiki moja hutaka saini ya ofisa huyo kwenye I-20. Saini hiyo hudumu mwaka mmoja, na iombwe kila Agosti, iwe kuna safari au hakuna.